Futa Yote

Nilisema "futa", na laiti ningeinua macho kwanza. Siku ile duka la fundi Salma mjini Malindi lilinuka vumbi lililopata moto, vumbi la kompyuta yangu kuukuu. Nilikuwa nimechoshwa nayo. Nikiiwasha asubuhi, chai yangu ilipoa kabla mashine haijawa tayari. "Shikamoo babu," Salma aliniambia, "hii yako yaamka kama bwana harusi." Akanieleza kwamba kila nikiiwasha, programu chungu nzima huamka pamoja nayo, kama watoto wa nyumba moja wakigombania mlango. Akazizuia zisizo na kazi. Kisha, kitambaa kikiwa mkononi, akauliza, "Na haya nayo, babu, nifute?" Nikadhani ni mavumbi. "Futa, mwanangu, futa yote."

Kwangu neno hilo lilikuwa la kitambaa tangu utotoni Takaungu. Masika moja mama aliugua, na dada yangu Mwanaisha, ambaye naye alikuwa mtoto tu, akashika nyumba. Kila asubuhi, taa zikishazimwa, tuliketi barazani kusafisha vioo vyake, mvua ikipiga makuti na harufu ya mafuta ya taa imetuganda viganjani. Kioo cha moto hakikuguswa. Tulingoja kipoe, naye Mwanaisha akaujaza muda ule kwa visa vya majini wavivu na jirani zetu wachoyo, akiiga sauti ya kila mmoja. Kisha mkono wangu mdogo ukapenya ndani ya kioo na kitambaa chenye jivu. "Futa, Omari, futa yote! Nataka niione hiyo pua yako mbaya upande wa pili." Nilicheka hadi nikasahau kikohozi cha mama kilichotoka chumbani. Leo najua kwamba ndilo alilolitaka.

Mwanaisha alipozeeka nilimrekodi akivisimulia visa vile, nikaviweka kwenye kompyuta, wala sikuweka nakala mahali pengine. Mafaili ya rekodi hizo ndiyo yaliyojaza nafasi, na ndiyo Salma aliyokuwa akinionyesha kwenye skrini huku mimi nikikitazama kitambaa. Aliuliza kama inavyopasa. Mimi ndiye niliyejibu bila kutazama.

Dada alipofariki, bintiye Zuhura alinijia baada ya hitima. "Mjomba, nisikizishe mama." Nikaiwasha, nikatafuta, nikatafuta tena. Salma alijaribu kuzirudisha rekodi zile, lakini nilikuwa nimeitumia mashine miezi mingi na mambo mapya yamekwisha kukaa mahali pake.

Zamani nyumbani kwetu hapakuwa na chombo cha kuhifadhi sauti. Bibi zetu walikwenda na sauti zao, na hakuna aliyelaumiwa. Mimi nilikuwa na chombo, na nikaona kinakawia. Sasa kompyuta huwaka hata sijaketi vizuri. Ila Zuhura hataisikia tena sauti ya mama yake, wala wanawe hawataijua.