Kanda za Consorcia na Mfagizi wa Saa Tano

Wenceslao Jalandoni, Wency kwa mtaa mzima kule Iloilo, alikuwa fundi wa viyoyozi, na hakuna kitu alichokichukia kama takataka. Risiti ya juzi haikai mezani kwake. Mkewe Analyn alizoea kumtania: "Mimi nikizeeka sijui utanitupa jalala gani."

Jikoni, kando ya pipa la mchele, alikuwa na seva yake, kompyuta kuukuu ya ofisi aliyoifufua mwenyewe. Ndani aliigawa katika makontena, yaani vijumba vya programu, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kilitunza picha, kingine kilicheza muziki, na kimoja kilikuwa mfagizi. Mara moja kwa siku mfagizi huyo aliingia kwenye folda ya Mapokezi na kufuta kila faili lenye umri wa zaidi ya siku thelathini. Haulizi, haweki akiba. Wency alimsifia kwa wageni utadhani ni mwanawe aliyefaulu mtihani.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya thelathini na tisa tangu mama yake, Consorcia, afariki. Kesho yake jamaa wangekuja kwa sala ya arubaini, na kabla ya chakula wangesikia sauti yake. Maana mama huyo alifanya kazi za ndani Kuwait miaka kumi na moja, akawa anajirekodi kwenye kanda za kaseti na kuwapa watu wanaorudi nyumbani. Zilisalia kanda tisa tu. Dada mkubwa, Merlyn, alizihamishia kwenye kompyuta mwaka 2011, na kaseti zenyewe zikaliwa na ukungu. Asubuhi hiyo alileta flashi, Wency akanakili zote tisa kwenye Mapokezi, akamrudishia flashi yake, akaenda sokoni kununua nyama ya nguruwe.

Saa tano kasoro robo, akiwa mbele ya mchinjaji, simu ikalia.

"Wency, usinigombeze," alisema Merlyn. "Nilikuwa dukani kuchapisha bango la Mama. Wakasema flashi ina virusi, mwenye duka akafuta kila kitu."

"Kila kitu?"

"Vyote! Lakini si unazo kwenye mashine yako?"

"Ninazo."

"Afadhali! Roho ilishaanza kunitoka."

Alipokata simu, ndipo jasho lilipomtoka Wency. Maana bwana huyu wa usafi, akinakili faili, huliachia tarehe yake ya asili, eti ndiyo heshima ya kazi. Mfagizi asingeona mafaili ya leo asubuhi. Angeona takataka za mwaka 2011.

Na saa? Alimpangia saa tisa usiku. Ila kontena lile lilifuata saa za Greenwich, nyuma ya Iloilo kwa saa nane, na Wency alilijua jambo hilo tangu mwaka jana. Kila siku alisema atarekebisha kesho. Uvivu huo! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Saa tisa usiku ya mfagizi ni saa tano kamili asubuhi ya Iloilo, na zilibaki dakika kumi na mbili.

Akampigia baba yake, Mzee Teodulo. Hakupokea. Akampigia Analyn. Hakupokea. Akamwandikia Analyn ujumbe: CHOMOA MASHINE YA JIKONI SASA HIVI. Akaiacha nyama juu ya mizani, akarukia pikipiki ya abiria.

"Kaka, kwako kunaungua?" aliuliza dereva.

"Kunaungua! We endesha tu!"

Alifika saa tano na dakika sita. Akawasha skrini. Mapokezi tupu. Hakuna hata faili moja.

Analyn akatokea uani mbio, mikono ina povu. "Nilikuwa nafua, ujumbe nimeuona sasa hivi!" Akainama, akashika waya.

Hapo hapo Wency akasikia, kutoka chumba cha mzee, mama yake anacheka.

"Usichomoe! Analyn, usichomoe!"

Mzee alikuwa anasikiliza kanda moja kwenye televisheni, moja kwa moja kutoka kwenye seva. Na faili likifutwa huku programu bado imelishika, halifi papo hapo. Jina huondoka, mwili hubaki mpaka mshikaji aachie. Kanda ikiisha, au umeme ukikatika, basi tena.

"Baba! Usizime, usirudishe nyuma, usiguse chochote!"

"Kwani nimeiba?" mzee alijibu kwa sauti.

"Imebaki dakika ngapi?"

"Nne. Na unyamaze, mama yako anaongea."

Wency akaandika amri. Akakosea herufi. Akaandika tena, akaupata mwili ule usio na jina, akaunakili kwenye folda nyingine. Akaifungua nakala, akaisikiliza mwanzo na mwisho. Ilikuwa nzima.

Moja kati ya tisa. Alihangaika kutafuta nyingine nane mpaka jioni, asipate kitu. Akaenda kukaa sakafuni chumbani kwa baba yake, akalia kama mtoto.

"Nimemfuta Mama," alisema.

"Sote tulimfuta," alijibu mzee. "Kaseti zilikuwa chache. Yake ikija, tunaisikiliza, halafu tunarekodi majibu yetu juu yake, tunamrudishia. Kila mwezi hivyo hivyo. Hizo tisa zilibaki kwa sababu hatukumjibu."

"Kwa nini hatukumjibu?"

"Ulinuna. Ulisema kama ametuacha, basi na wewe humwambii neno. Karibu mwaka mzima. Mimi nikaona aibu kumpelekea kanda isiyo na sauti yako."

Merlyn alipoambiwa alimtukana, akalia, kisha wakapanga viti pamoja bila kutazamana.

Jumapili, baada ya sala, wakaiweka kanda. Consorcia akawasalimu wote, akacheka, kisha sauti ikashuka. "Wency wangu, umetimiza miaka kumi na miwili. Bado umeninunia? Sema japo neno moja, Mama asikie."

Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri. Feni ya Kuwait ikasikika inazunguka.

"Nipo, Mama," Wency alisema mbele ya watu wote. "Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Kanda ikaendelea, na mama akaanza kumuuliza Merlyn habari za shule.