Askari na Ubishi wa Makocha

Juzi nilisikia vijana wakimkejeli kocha mpya wa timu yao, nikakumbuka alasiri moja Garissa, wakati wa vita, kukusanyika kukiwa kosa la kufungwa. Hotelini kwa mama chai ya maziwa ya ngamia ilinukia moshi, na wanaume walibishana kwa kelele za kung'oa bati.

Askari akaingia na bunduki. "Mkutano wa nini?"

Baba akaweka kikombe chini. "Wallahi afande, tunabishana juu ya makocha wa mpira tu. Nani bora, aliyefutwa kazi au huyu wa sasa?"

Askari akamtazama mwaka mzima. "Aliyefutwa. Huyu hajui hata kupanga mabeki!" Akavuta kiti.

Leo najua askari yule alikuwa shabiki tu. Siku ile, nikiwa msichana mdogo nyuma ya birika, niliamini hakuna jemadari duniani amfikiaye kocha aliyefutwa, ambaye kutajwa tu kulimketisha askari mwenye bunduki.