Jumapili Niliyozima Mbio

Kwa miaka ishirini mimi na kaka yangu tulitazama mbio za magari kila Jumapili baada ya kanisa, sebuleni kwangu hapa Kiplombe. Jumapili moja mwaka jana, dereva tuliyempenda alikuwa anaongoza. Meneja akamwamuru kwa redio apunguze mwendo ili mwenzake wa timu ampite. Akapunguza. Nikachukua rimoti, nikazima televisheni.

"Mbona umezima? Bado raundi kumi," kaka akasema.

"Mshindi ameshachaguliwa ofisini. Hizo si mbio."

Akaniambia nimezeeka, siku hizi kila kitu kinaendeshwa na kompyuta, lazima nizoee. Nikamjibu sizoei.

Jumapili iliyofuata nilimwachia rimoti nikaenda Moi's Bridge, ambako wakulima walikuwa wakishindanisha pikapu zao kuukuu kwenye shamba lililovunwa mahindi. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Niliporudi, vumbi limejaa hadi kwenye kope, nilimkuta kaka amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Nilisinzia," akakiri. "Huko nani alishinda?"

Nikamwambia ni mama mmoja anayeuza mbolea, na kwamba akitaka kuja safari ijayo, asivae shati jeupe.