Farasi wa Barafu Tuliyemkosa

Makoti yetu yalikuwa yananukia udi. Mama aliyatundika jikoni, akaweka chetezo chini yake na kufungua dirisha ili king'ora cha moshi kisitupigie kelele, kwa sababu kwa Bibi hakuna safari ya heshima bila kujifukiza, hata kama ni ya kwenda kusimama kwenye baridi kutazama sanamu za barafu. Nyumba yetu ya Hounslow ilikuwa ndogo, na udi ule uliingia mpaka kwenye mkate.

Safari hiyo niliipanga mimi. Baba, aliyekuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, alirudi na gazeti la bure lenye picha ya farasi aliyechongwa kwa barafu, mkubwa kuliko mtu. Bibi akaikodolea macho, akasema haondoki London mpaka amwone. Alikuja kututembelea kutoka Unguja, na Jumanne angerudi. Tamasha lenyewe lilikuwa linakwisha Jumapili. Nikamganda Baba mpaka akaomba ruhusa kazini, nikachagua treni, nikamvisha Bibi soksi za Baba juu ya zake. Nilimpenda mno, na nilitaka arudi na kitu ambacho hakuna jirani yake aliyewahi kukiona.

Jumapili, tumeshavaa, Baba ameshika funguo, kengele ikalia. Mlangoni alisimama mama mmoja mtu mzima na mfuko wa halua. Bibi alimtazama, akatamka "Salma," wakakumbatiana na kulia pale pale kizingitini. Walikuwa marafiki wa usichana waliopoteana tangu Mapinduzi. Bi Salma alisikia habari za Bibi kwenye mkahawa mmoja wa Edgware Road, akaja bila kupiga simu, kama watu wa kwetu wanavyokuja.

"Mnatoka?" aliuliza alipoona makoti.

"Tutoke wapi, shoga yangu? Ndiyo kwanza tunaingia," Bibi alijibu bila kupepesa macho. "Tulikwenda kutazama sanamu za barafu."

Kwetu mgeni haambiwi kwamba amekuja wakati mbaya. Mama akateleka wali. Baba akarudisha funguo msumarini. Mimi nilivua koti roho inaniuma, nikanuna hasa, mpaka Bi Salma aliponigeukia.

"Haya, mjukuu wangu, mliona nini huko?"

Nilimtazama Bibi. Macho yake yalikuwa yananiomba. Basi nikaanza na farasi, singa zake na kwato zake, kisha nikanogewa, nikaongeza mlango wa Kizanzibari wa barafu tupu, na misumari yake yote. Bibi alisogea karibu, akisikiliza kuliko hata mgeni, na kila niliponyamaza alinisukuma kwa kiwiko. "Mwambie na lile jingine," akasema.

Miaka michache baadaye Bibi alifariki. Nilipokwenda Unguja kwenye hitima yake, majirani walinizunguka wakiuliza kama ni kweli aliuona mlango wa barafu. Nikawaambia ni kweli, nilikuwa naye.

Siku hizi nawapeleka wanangu kila tamasha kama hilo linapofika. Sanamu ni nzuri, sikatai, ingawa mlango wa misumari bado sijauona. Nayafukiza makoti, wao wanaziba pua na kulalamika kwa Kiingereza. Tukishavaa huwa najichelewesha kidogo mlangoni, nikitamani kengele ilie. Hailii, nasi tunafika kwa wakati.