Kaua ka Zambarau Kwenye Ngitili

Siku baba aliponiachia ngitili naikumbuka vizuri, mwanangu. Ninyi mliokulia Kahama mjini huenda hamjui: ngitili ni malisho tunayoyafunga masika, ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Baba alikuwa anakwenda msibani Ushetu. Akanionyesha kaua ka zambarau chini ya nyasi, kadogo kuliko ukucha wako. Hako hakaoti njiani, wala mahali panapokanyagwa kila siku. Akaniambia nikatazame kila asubuhi, maana ndiko huonyesha wakati wa kufungua ngitili, ila lango nisifungue mpaka arudi.

Msiba ukazaa kikao cha mirathi, baba akakawia. Kaua kakachanua ngitili nzima. Vijana wenzangu walikuwa wakinicheka kwa ng'ombe wangu waliokonda, nami nikajiona najua kusoma dalili. Nikaondoa miiba langoni, nikaingiza ng'ombe, nikatembea kifua mbele siku kadhaa. Ujana bwana.

Baba aliporudi hakunipiga. Alichuchumaa, akaokota kaua kalikokanyagwa.

"Umeangalia ua," akasema, "hukuangalia mbegu."

Kumbe kaua hungojwa mpaka vifuko vyake vipasuke na mbegu ziruke. Kufikia hapo nyasi nazo zimeshamwaga zake, na mwakani zitaota tena. Kiangazi kile majani yalikwisha mapema. Tukapeleka ng'ombe kwa mjomba kuomba malisho, na mama, aliyekuwa amejifungua mdogo wangu, akabaki bila maziwa nyumbani. Aibu ile iliniuma kuliko fimbo.

Tangu hapo sijafungua lango kabla ya mbegu. Wamekuja wachimbaji wa dhahabu kutoka Rwamgasa wakitaka kuchimba maduara, yale mashimo yao, humo, nikawakaribisha chai, nikawakatalia. Leo vumbi la malori ya machimbo ya Segese linapita kando, lakini ndani kaua kangu kanachanua kila mwaka, na majirani huja kwangu kuomba nyasi. Najivuna, mwanangu, wala sifichi.

Mwaka huu magoti yamegoma. Lango nakukabidhi wewe. Nasaha yangu ni hii: kitu kikianza kupendeza, usikimbilie kukitumia. Kiache kwanza kiweke cha mwakani. Watakucheka, na wewe wasalimie tu.

Mungu akupe mvua, na ng'ombe wenye maziwa, na moyo wa kungoja. Na kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, kakatazame kale kaua.