Tati za Limau za Mwosha Maiti

Katika ua wetu wa milango sita, kila Jumamosi alasiri harufu ya siagi ilitoka mlango wa nne, na watu wakafunga madirisha. Si kwamba harufu ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri mno, na taabu ilikuwa hapo hapo: mate yanajaa mdomoni, moyo unakataa.

Mwenye mlango huo alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali kubwa. Kazi yake ilikuwa kupokea marehemu, kuwaosha, kuwavika na kuwakabidhi kwa ndugu zao. Uani tulimwita Daktari wa Mwisho. Yeye alicheka tu, akasema, "Afadhali mimi, wagonjwa wangu hawalalamiki." Alikuwa mrefu, mpole, mabega yameinama kidogo kama mtu aliyezoea kupita milango mifupi. Mkewe alikuwa msusi, akiwasuka wateja wake barazani. Watoto wao walikuwa wameshajitegemea, kila mmoja na mji wake. Mimi nilikaa mlango wa tatu, tukitenganishwa na ukuta mmoja, hata nikawa najua kwa mlio tu kama anapiga mayai au anachekecha unga.

Kabla ya hospitali alifanya kazi hotelini miaka tisa, kwenye jiko la keki na vitamutamu. Alianza kwa kusugua masufuria, akaishia kukunja donge la unga. Mkubwa wake alikuwa mpishi mkali aliyejifunza Ufaransa, mtu asiyeonyesha kitu mara mbili. Hoteli ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja abebe kitu kimoja cha kumfuta machozi. Wenzake walibeba magodoro na televisheni. Yeye alibeba oveni ndogo ya gesi, akaijaza vikombe vya bati vya kuokea ili vihesabiwe pamoja nayo. Halafu akatafuta kazi ya jiko miaka miwili, hakupata. Iliyopatikana ni ile. "Mchagua jembe si mkulima, dada," aliniambia siku moja.

Alioka kwa sababu alipenda, basi. Hakuuza. Alioka biskuti za siagi nyembamba zinazovunjika kabla hujaziuma. Alioka keki ya kurasa, ambayo donge lake hukunjwa na siagi ndani, likapumzishwa, likakunjwa tena, mara sita, mpaka likiiva linainuka tabaka juu ya tabaka kama kitabu kilicholowa kikakauka. Na alioka tati, vile vikombe vya unga na siagi vinavyojazwa rojo la limau.

Mara moja aliniita nione kitu alichokiita shuu. Alichemsha maji na siagi, akamwaga unga wote kwa mkupuo, akakoroga mpaka donge likaachia sufuria lenyewe. Akaingiza mayai, moja baada ya jingine. Hamira hakutia hata punje. Akadondosha matone kwenye trei, kila tone kama kifungo cha koti, akayatia ovenini.

"Kaa hapa kwenye kioo uangalie," alisema. "Usifungue mlango hata ukiona malaika."

Nikachuchumaa. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha vile vifungo vikaanza kuvimba, taratibu, kama shavu la mtoto anayezuia pumzi, vikapasuka mistari juu, vikawa vya dhahabu, vikubwa mara tatu.

"Ndani kuna nini?" nikauliza.

"Hamna kitu. Mvuke. Maji yanataka kutoka, donge linayazuia. Wanagombana mpaka wamejenga nyumba."

Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimekula mikate maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba pumzi tu, kitu ambacho Mungu anatupa bure, inaweza kusimamisha kuta. Akavijaza krimu, akaniwekea vitatu kwenye kisahani. Nikashukuru, nikavipeleka kwangu, nikavitazama. Halafu nikavipelekea kuku wa mwenye nyumba.

Ninaandika hili kwa aibu. Kuku walifurahi sana.

Sote tulifanya hivyo, kila mtu kwa njia yake. Mmoja alisema ana kisukari, mwingine amefunga, mwingine jino linauma. Jirani yangu wa mlango wa nne alijua tunachokimbia. Kwa hiyo kabla ya kuoka alitoka nje kwenye bomba la uani, mbele ya macho yetu, akakunja mikono ya shati, akajisugua kwa sabuni na brashi mpaka kwenye viwiko, mara tatu, na limau chini ya kucha. Maskini, alidhani anatutoa hofu. Kumbe kila alipojisugua ndipo tulipokumbuka vizuri zaidi anachokisugua.

"Sugua, shemeji, sugua!" alipiga kelele Bi Sindano kutoka mlango wa kwanza. Huyo alikuwa mshonaji, cherehani yake barazani, pini mdomoni, na maneno yakipita katikati ya pini bila kujikwaa. "Ngozi ikiisha anza mfupa!"

"Nikifika mfupa nitakuita uushone," alijibu jirani.

Watu wakacheka. Sahani ikakaa kwenye benchi mpaka jioni, na jioni akairudisha ndani imejaa kama ilivyotoka. Ikaenda hivyo miaka sita.

Sasa, Jumatano moja nilikuwa naanika nguo na mkewe akiwa upande wa pili wa kamba. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba mume wake amekata shauri. Jumapili ya wiki inayofuata watakuja watu wa chuo cha ufundi kuchukua oveni na vyombo vyote.

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Amechoka kuoka na kumwaga. Mimi namsaidia kula, lakini dada, nina tumbo moja. Ameniambia kuoka bila mlaji ni kama kuamkia ukuta."

"Basi mwache apumzike."

Msusi akasogeza shuka tukaonana uso kwa uso. "Wewe humjui. Akitoka kule kazini haongei. Anakaa. Nikimuuliza kitu ananiitikia kwa kichwa. Mpaka atie mikono kwenye unga. Akishakunja lile donge mara ya tatu, ya nne, ndipo anaanza kunisimulia, na ndipo mume wangu anaporudi nyumbani. Oveni ikiondoka, mimi nitakaa na nani?"

Nilimaliza kuanika, nikaingia ndani. Nilimwombea jirani katika sala yangu, nikajiona nimetimiza wajibu. Kumwombea mtu ni rahisi kuliko kula biskuti yake.

Kesho yake asubuhi kaka yangu mkubwa alifariki. Alikuwa fundi redio, alikuwa amelala katika hospitali ile ile kubwa siku nne, na ndugu wa karibu mjini nilikuwa mimi peke yangu. Nikachukua shati lake jeupe na suruali yake ya kijivu, nikaenda kwenye ule mlango wa nyuma ya hospitali ambao watu hupita wakiangalia pembeni.

Jirani ndiye aliyefungua. Alivaa aproni ya kijani na glovu ndefu zinazoishia chini kidogo ya viwiko. Glovu! Nilisimama nikazitazama kama mjinga. Miaka sita tumeogopa mikono ambayo haijawahi kugusa tunachodhani.

"Pole, dada," alisema. Hakutania. "Unaweza kukaa nje, unaweza kuingia. Hapa hakuna kosa."

Niliingia. Chumba kilikuwa baridi, kina harufu ya sabuni na dawa. Kaka alikuwa amelala chini ya shuka, na mimi nilisimama karibu na ukuta nimekumbatia nguo zake. Jirani aliweka kiwiko chake kwenye ndoo kama mama anayepima maji ya mtoto, akaongeza ya moto kidogo kutoka kwenye birika.

"Kaka," akamwambia, "naanza na uso. Maji ni ya vuguvugu."

Nikashindwa kunyamaza. "Jirani, yeye hasikii kama ni ya moto au ya baridi."

"Mimi nasikia," akajibu.

Akaendelea. Kila alichotaka kufanya alimwarifu kwanza. Sasa nainua mkono wa kushoto. Sasa nakugeuza, samahani, kaka, hii meza ni nyembamba. Alipofika kwenye vidole akakuta yale makovu madogo madogo ya risasi ya kuunganishia nyaya, akaniuliza alikuwa fundi wa nini. Nilipomwambia, akarudia kidole kimoja kimoja, taratibu, akisafisha hata pale kwenye kucha palipokuwa na weusi wa miaka thelathini. "Mikono iliyofanya kazi hivi," alisema, "haiwezi kwenda hivi hivi."

Halafu akainua kichwa cha kaka ili tupitishe shati. Kiganja kimoja chote chini, kimefunguka, na mkono wa pili pembeni, haubebi kitu, upo tu kama shahidi. Nikajua nimewahi kuuona mkono ule. Ndivyo alivyokuwa akitoa tati kwenye kikombe cha bati zikiwa bado moto, wakati ambapo ukikosea kwa unene wa unywele zinavunjika. Upole ulikuwa ule ule mmoja, hakuwa na wa kazini mbali na wa jikoni mbali.

Nimehudhuria ibada nyingi tangu utotoni, nimesikia maneno mazuri juu ya kumheshimu binadamu. Lakini mle ndani, katika chumba kisicho na dirisha, niliyaona yakifanyika na hakukuwa na mtu wa kuyashangilia. Nikainamisha kichwa. Si kwa kilio, kilio kilikuja baadaye. Ilikuwa kama umeingia mahali ukagundua umechelewa kuvua viatu.

Tulipomaliza, kaka alikuwa kama anasubiri picha. Nikasema asante.

"Mwosha huoshwa, dada," jirani alisema, akinyoosha kola ya lile shati. "Namfanyia kama nitakavyotaka nifanyiwe."

Tulimzika kaka Ijumaa. Wiki nzima watu walikuja kunipa pole, kisha wakapungua. Jumamosi iliyofuata, yaani siku moja kabla ya watu wa chuo kuja, harufu ya siagi ikatoka mlango wa nne, na ya limau nyuma yake. Madirisha yakafungwa. La kwangu nililiacha wazi.

Jirani alitoka na sahani, akaiweka kwenye benchi kama kawaida, akageuka kuondoka bila kutazama nyuma. Alikuwa ameshajifunza kutotazama. Tati zilikuwa kumi na mbili, rojo lake la njano linang'aa kama limepigwa mafuta, kingo zote zimefinywa sawasawa. Nikachukua moja, nikauma, hapo hapo uani, mchana kweupe.

Ganda lilivunjika bila kelele, siagi ikaja, halafu ile limau ikanipiga kama mtu anayekufungulia dirisha usoni. Nikamaliza. Nikachukua ya pili. Cherehani ya Bi Sindano ilikuwa imenyamaza, na msusi alikuwa ameachia kichwa cha mteja wake katikati ya mstari.

Jirani alisimama mlangoni. "Dada, umekula?"

"Nimekula."

"Ikoje?"

Ningeweza kusema tamu sana, nikamfurahisha, yakaisha. Lakini mtu aliyemwambia kaka yangu maiti ukweli kwamba meza ni nyembamba, mimi hai nitamdanganyaje?

"Hilo ganda sijawahi kuona mfano wake," nikasema. "Ila limau imezidi kidogo. Inakamata huku nyuma ya taya."

"Imezidi?"

"Kidogo."

Akaja, akachukua moja, akatafuna amefumba macho. "Miaka sita," akamwambia mkewe, "hakuna aliyeniambia limau imezidi."

"Haiwezi kuzidi!" Bi Sindano akadakia kutoka kwake. "Limau za siku hizi maji matupu."

"Umeonja?" nikamuuliza.

"Nionje nini mimi?"

"Basi rudi kwenye pindo lako, utashona mguu kwenye mkono."

Hilo lilimchoma. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka begani, akaja mpaka kwenye benchi. "Sili," akatangaza. "Naonja. Kula na kuonja ni mbali kama mbingu na ardhi." Akamega nusu. Akatafuna muda mrefu, sote tukimtazama koo. Akameza.

"Dada, wewe ulimi wako umelegea kwa kulia," akasema. "Limau iko sawa kabisa. Kilichopungua ni sukari."

"Ni kitu kile kile!"

"Si kitu kile kile! Shemeji, mwambie si kitu kile kile. Hebu ngoja nihakikishe." Akachukua nzima.

Mteja wa msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akasema na yeye anaomba awe mwamuzi. Madirisha yakaanza kufunguka. Jirani alisimama katikati yetu, mikono imening'inia, akigeuza uso kwa kila anayesema, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa katika orodha aliyokuwa amekwisha kuikatia tamaa.

"Basi Jumamosi ijayo oka trei mbili," Bi Sindano aliamuru, makombo kidevuni. "Moja ipunguze limau, ya huyu. Moja iongeze sukari, ya kwangu. Ijulikane nani ana ulimi."

"Jumamosi ijayo vyombo..." jirani alianza.

"Vyombo vina nini?" mkewe akamkata, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Jirani akamtazama, akatazama ile sahani, ambayo ilikuwa imebaki na mbili.

"Havina kitu," akasema. "Nitawapigia simu watu wa chuo." Kisha akaingia ndani haraka, maana alikumbuka limau zimebaki nne, za kutosha trei nyingine leo leo, na Jumamosi ijayo alikuwa anaiona mbali.