Bibi Harusi Aliyekataa Rupia

Juzi hapa Bagamoyo nilihudhuria ndoa. Kadhi alisimama nje ya pazia, akamuuliza bibi harusi kama anaridhia mahari ya rupia. Kwa desturi mwari akinyamaza, amekubali. Huyu hakunyamaza.

"Siridhii. Nataka dhahabu."

Baba yake akang'aka. "Mwanangu, rupia inapokelewa hadi Bara Hindi!"

"Leo inapokelewa, baba. Lakini kila mwaka inanunua mchele pungufu. Ina sura ya malkia wa Waingereza asiyenijua. Dhahabu haihitaji sura ya mtu."

Kadhi akatugeukia. "Mahari ni haki yake."

Tulicheka sana, pilau ikapoa, bwana harusi akakimbilia kwa sonara. Alasiri hiyo wazee walewale waliocheka walijazana mlangoni kwa sonara huyo, mifuko ya rupia wameificha ndani ya kanzu. Najua, maana mfuko mmoja ulikuwa wangu.